Kipimajoto cha udongo cha dola 8: nimekijaribu kwa mahindi ya baridi, Lubumbashi

Bandugu na bamama, jambo yenu! Msiondoke, leo nina kitu ambacho kwa wiki tatu sijakiacha nyumbani hata siku moja. Hiki hapa. Kipimajoto cha udongo. Kijiti cha chuma, juu kisahani chenye mshale. Nimekinunua kwa pesa yangu, dola 8, hakuna duka lililonituma. Urefu na uzito mnauona wenyewe, twende shambani.

Tuko kwenye dembo, lile bonde lenye unyevu, upande wa mto Kafubu, na ni Julai. Mnajua baridi yetu ya mwezi huu. Kila mwaka mnaniuliza: nimepanda mahindi ya kumwagilia ili niuze mabichi kabla ya wengine, mbona yameota nusu? Na kila mwaka nilikuwa nawajibu, mbegu mbaya. Nilijibu bila kupima, na hilo linaniuma, kwa sababu kuna watu walitupa mbegu nzima.

Sasa angalieni hapa, msogee karibu na kamera. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nachomeka sentimita tano, pale mbegu inapolala. Usikichomoe haraka! Kinataka dakika tatu, na ukikitoa ukakisoma hewani, umesoma hewa. Haya, mshale umesimama: nyuzi 12. Mahindi yakiwa kwenye udongo wa chini ya nyuzi 10 hayaendi popote, yanakaa tu na kuvu wa ardhini wanayala. Kwa nyuzi 12 yanatembea, lakini kwa kujikokota. Mmea huu asili yake Meksiko, nchi ya joto, na watu walianza kuulima kule yapata miaka 9,000 iliyopita. Ndiyo, kuna mahindi ya milima ya Peru yaliyozoea kuota zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, lakini hayo yamechaguliwa na wakulima wa kule vizazi kwa vizazi. Sisi mbegu nyingi tunazouziwa hapa hazikuchaguliwa kwa asubuhi ya dembo.

Hatua mbili kutoka hapa kuna tuta lenye nyasi kavu juu. Nachomeka. Nyuzi 14! Nilifurahi sana siku ya kwanza, nikataka kuwaambia wote mfunike. Bahati nzuri nilirudi na kipimajoto hiki saa nane mchana. Udongo mtupu: 21. Chini ya nyasi: 17. Mnaona? Nyasi zinazuia baridi usiku, na mchana zinazuia jua. Ukijumlisha siku nzima, mbegu iliyofunikwa imekosa joto. Kwa hiyo mwezi huu mimi nimeondoa nyasi kwenye mstari wa mbegu, nimeziacha katikati ya mistari. Mwezi wa Oktoba jua likiwaka nitasema lingine.

Na tuta lenyewe liinueni. Udongo uliolowa chapachapa unachelewa kupata moto kuliko ule uliopitisha maji.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: kinapima maji pia. Ndoo hii imelala nje usiku kucha. Naingiza... nyuzi 9. Mama wa jirani yangu amevuta ndoo hii sasa hivi kutoka kisimani. Naingiza... 21! Ndoo mbili, asubuhi moja, tofauti nyuzi 12. Na maji ya kwanza ndiyo yanayoamua. Mbegu kavu ikianza kunywa, ngozi laini za chembe hai zake zinajipanga upya. Ikinywa maji baridi saa zile za kwanza, ngozi zinapasuka, sukari inavuja nje, na kuvu wanaitwa mezani. Baadaye jua likitoka, mbegu haiponi.

Nilipanda mbegu 50 asubuhi kwa maji yaliyolala nje, na 50 za mfuko uleule saa nane mchana kwa maji ya kisima. Leo nimehesabu mbele yenu: 31 upande wa asubuhi, 44 upande wa mchana. Ni shamba moja na mara moja tu, msichukue kama sheria. Lakini mimi sipandi tena asubuhi mwezi wa Julai.

Kwa wale waliotuma picha za mahindi yenye majani ya rangi ya zambarau: msikimbilie kununua mbolea. Mizizi ikiwa kwenye baridi haivuti vizuri fosforasi, kile chakula cha mmea kilicho ardhini, na jani linajaza sukari na rangi. Joto likirudi, mara nyingi kijani kinarudi. Hata jani likiungua kwa baridi, moyo wa mche bado uko chini ya udongo mpaka majani matano au sita. Subirini kabla ya kung'oa.

Kasoro? Kioo kinaingia umande, nakifuta kila mara. Na msikihakiki kwa maji yanayochemka, hapa kwetu juu maji yanachemka karibu nyuzi 96. Tumieni barafu iliyopondwa ndani ya maji, mshale ukae sifuri. Changu kilisoma moja, nikakaza ile nati ya nyuma.

Wengine wananiambia, tunacho kile kipimajoto cha umbo la bunduki, cha kuelekeza usoni, tulichonunua wakati wa korona. Kile kinasoma ngozi ya udongo tu. Mchana kilinionyesha 33, chini mbegu ilikuwa kwenye 21. Kile cha betri, dola 15, kinasoma haraka kweli, lakini changu kiliingia maji siku ya nne. Mwanzo wa video nilitaka kusema nunueni vyote viwili. Hapana, hiki cha dola 8 kinatosha, na majirani wanne wanaweza kuchangia kimoja.

Video sasa zitatoka Jumamosi, si Jumatano tena. Jumamosi ijayo nahesabu mistari hii upya, tuone ile 44 imebaki ngapi.

Saa nane na robo. Mshale: 21. Mama, lete ile ndoo ya kisima, tupande mstari wa tatu.