Uzoefu wangu na lenzi inayopinda: mji mzima kama wa kuchezea

Nimekaa wiki tatu na lenzi ya kuazima, Canon TS-E 90mm f/2.8, ya aina iitwayo tilti-shifti, kwa kazi moja tu: kupiga picha za mji kutoka juu hadi uonekane umepangwa mezani kwa vijumba vya karatasi na vijigari vya watoto.

Lenzi hii ilitoka mwaka 1991. Shingo yake hupinda hadi nyuzi 8, na fokasi yake ni ya mkono tu. Siku ya kwanza nilipanda ghorofa ya 12, juu ya makutano ya barabara, nikapinda lenzi kuelekea juu mpaka mwisho, nikaacha tundu la mwanga wazi kabisa, yaani f/2.8. Nilikuza picha kwenye skrini na kuzungusha fokasi polepole. Ghafla basi moja likakaa wazi kabisa, na mbele na nyuma yake kila kitu kikayeyuka. Nilisisimka mno! Tumezoea kuona ukungu wa namna hiyo tunapotazama kitu kidogo kwa karibu sana, ndiyo maana mji wenye ukungu huo tunauona mdogo. Nilipobana tundu hadi f/8 ukanda ulio wazi ulipanuka na basi likarudi kuwa basi.

Jua kali husaidia, kwa sababu vivuli hukatika vizuri. Upeo wa macho usiingie kwenye picha. Rangi niliziongeza nguvu baadaye, magari yakawa kama yamepakwa rangi ya mafuta.

Kilichonisumbua ni minara. Ukungu huu huweza pia kuongezwa kwenye picha kwa kompyuta, na nilidhani lenzi halisi ingeishinda hapo, lakini mandhari ikiwa mbali, ukanda wa fokasi hukata picha kwa mlalo, basi mnara huwa wazi chini na kilele chake kimefifia. Mfano mdogo wa kweli haungekuwa hivyo: kilele na kitako viko karibu umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Jicho hulitambua kosa hilo upesi, na mji hurudi ukubwa wake. Ukungu wa tilti-shifti wa programu ya Photoshop, uliokuja na toleo la CS6 mwaka 2012, una kasoro hiyohiyo ukiutumia bila maski, yaani kinga inayozuia ukungu usiguse sehemu uliyoichagua. Ukiuwekea maski kuzunguka mnara, kwa maoni yangu unaishinda lenzi.

Hata hivyo ukungu wa lenzi naupenda zaidi. Taa za mbali huwa viduara safi, na mtu huuona mji ukipungua palepale akiwa juu ya paa, jambo ambalo kompyuta haikupi.

Kama mji wako ni wa mapaa mafupi, bandari au uwanja wa treni, azima lenzi hii bila kusita. Penye minara sasa napiga picha mbili juu ya tripodi ileile: moja imepindwa kwa f/2.8, nyingine imenyooka kwa f/8. Mnara nautoa kwenye ya pili na kuupandikiza kwenye ya kwanza, nikiusogeza kidogo mpaka kuta zilingane.