Viti vya chuma vya mgahawani: chumvi ya Mtwara vitaiweza?

Mambo vipi wadau, leo nipo hapa Shangani, upepo wa bahari mnausikia kwenye maiki, mtanivumilia. Kiti chenyewe ni hiki, cha bati la chuma, mgongo una kipande kimoja kipana cha bati katikati, mnakijua bana, kila mgahawa mpya ukifunguliwa, kila saluni, lazima ukikute, chekundu, cheusi, rangi ya shaba.

Wauzaji wengine wanakwambia dizaini ya Italia. Siyo. Ni ya Ufaransa, kuna jamaa anaitwa Xavier Pauchard, alikuwa fundi wa kuezeka huko Burgundy, akawa anachovya bati kwenye zinki iliyoyeyushwa ili lisishike kutu, jina la Tolix akalisajili 1927 halafu 1934 akatoa hiki, Model A. Kilikuwa kiti cha kuweka nje, ndo maana hapa pa kukalia kuna vitundu, mvua ikinyesha maji yapite, na usiku unavirundika kimoja juu ya kingine unafunga biashara yako unaenda kulala.

Sasa hiki nilichoshika ni kopi. Nimeazima kwa dada mmoja mwenye mgahawa hapahapa ufukweni, na ngoja nikipindue maana watu wananunua fenicha kwa kuangalia juu tu. Mnaona haya malengelenge? Hiyo ni kutu inatembea chini ya rangi. Kwenye orijino ya zinki, hata ukiikwaruza, zinki inaliwa kwanza chuma kinabaki salama, lakini kopi nyingi ni bati la kawaida limepigwa rangi ya unga ikachomwa kwenye oveni, inang'aa kweli dukani, ila ikipasuka mahali padogo tu chumvi imeshaingia na hapo kiti hakidumu muda mrefu. Angalia miguuni, raba zimetoka, chuma kinasuguana na simenti kila mtu akivuta kiti. Angalia walipochomelea. Na huu mguu ni bati limekunjwa, huku ndani rangi haikufika kabisa, pitisha kidole utatoka na unga mwekundu.

Kukaa je? Kwa mteja anayekula samaki wake akaondoka, sawa. Nyumbani kwenye meza ya kulia mi sikushauri, mgongo ni mgumu, na kikipigwa na jua la saa saba ukakalia na kaptula aisee utaruka.

Kuna wanaokimbilia vile vya plastiki vyenye miguu ya mbao, vile vinavyoiga kiti cha Charles na Ray Eames cha 1950. Plastiki yenyewe haina shida na chumvi. Shida ipo chini, kuna vyuma vyembamba na skrubu, hizo ndo zinaoza kwanza, kwa hiyo ukinunua badilisha skrubu uweke za stenlesi mapema, ni hela ndogo.

Mimi kwa sehemu ya nje huku pwani, Mtwara, Mikindani, Lindi mjini, hela yangu naipeleka kwa fundi seremala. Mpelekee picha ya dizaini unayoitaka, hata ya kisasa kabisa yenye miguu myembamba, mwambie mninga au mkongo. Mninga haupindi sana ukikauka vizuri, ila simama hapohapo akikata, ile mbao nyeupe ya pembeni usikubali iingie kwenye kiti, wadudu wanaipenda na mafundi wengine wanaificha kwa vanishi ya rangi nzito. Skrubu tena, stenlesi, mnunulie mwenyewe.

Kama biashara yako iko Masasi au Newala huko juu, mbali na bahari, chukua hii kopi ya chuma bila wasiwasi, weka ndani, nunua na raba za miguu za akiba. Haya, bei mnaulizana kwenye komenti, mi namrudishia dada kiti chake, wateja wameanza kuingia.