Mafunzo ya usimamizi wa hoteli Malindi: siku ya kwanza imeiva, ya pili bado mbichi

Mafunzo haya ya siku mbili yamelengwa kwa mameneja na masupavaiza wa hoteli, nyumba za wageni na mikahawa ya Malindi na Watamu. Siku ya kwanza ni uongozi wa kufuata hali, siku ya pili ni usaili wa kazi. Ada inajumuisha kitini, chai ya saa 4 na chakula cha mchana. Kwa anayeajiri watu kila msimu, siku ya kwanza pekee inarudisha pesa yake. Ya pili inahitaji kusukwa upya.

Wazo la uongozi wa kufuata hali ni la Wamarekani wawili, Paul Hersey na Ken Blanchard, walioliandika mwaka 1969. Kiongozi anapima mambo mawili: mfanyakazi anaiweza kazi kiasi gani, na ana moyo nayo kiasi gani. Hayo mawili ndiyo kiwango chake. Kisha anachagua moja kati ya njia nne. Kuelekeza ni kusema nini kifanywe, vipi na saa ngapi. Kufundisha ni kuelekeza vilevile, ila unaeleza sababu na kumtia mtu moyo. Kushirikisha ni kupunguza maagizo na kuongeza kusikiliza. Kukasimu ni kumwachia kazi na kungoja ripoti.

Mwezeshaji amekazia jambo ambalo wakufunzi wengi hulipita mbio: kiwango ni cha kazi, si cha mtu. Mpishi wa miaka 15 anajua samaki wa kupaka kuliko yeyote hotelini, huyo mwachie jiko lake. Lakini siku anapokabidhiwa kompyuta ya hesabu za stoo, katika kazi hiyo yeye ni mwanagenzi. Kumwachia kwa sababu ya heshima ya miaka yake ni kumtelekeza, na hesabu zikiharibika lawama zitamwangukia yeye. Aonyeshwe kilo zilizoingia zinaandikwa wapi, zilizotoka wapi, hesabu inafungwa saa ngapi na nani anakagua. Supavaiza mwenye umri wa mwanawe huona haya kumwelekeza. Dawa yake ilifunzwa vizuri: fanyeni stoo, mbali na masikio ya mawaita, na uanze na kazi yenyewe. "Mzee, tuanze na unga, nikuonyeshe mahali pake." Huko ni kuelekeza kamili, na heshima imebaki palepale.

Zoezi la mchana ndilo bora kuliko yote. Kila mshiriki anamchukua mfanyakazi mmoja na kuigawa kazi yake vipande vitano. Kwa mhudumu wa vyumba vitakuwa kutandika, kusafisha bafu, kuripoti kilichoharibika, kumsikiliza mgeni anayelalamika, na kuandikisha vitu vilivyosahauliwa. Kila kipande kinapewa kiwango chake. Anayetandika vitanda 12 bila kasoro anaweza kuwa hajawahi kuripoti bomba linalovuja hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia aripoti kwa nani. Hapo jina la "mzembe" linaanguka lenyewe, na supavaiza anabaki na kazi ya kufanya.

Kasoro ya siku hiyo iko kwenye kitini. Ukurasa mmoja unasema mfanyakazi wa kiwango cha kwanza, yaani anayeanza, hawezi na hana moyo. Mchoro unaofuata unasema hawezi lakini ana hamu. Si kosa la uchapaji. Ni matoleo mawili ya nadharia yaliyochanganywa. Hersey aliendelea kusema kwamba wa kwanza hawezi na hataki, au hajiamini. Blanchard aliirekebisha katika miaka ya 1980, akasema anayeanza huja na hamu tele, na hamu hiyo hushuka kazi inapomwonyesha ugumu wake. Hoteli za pwani zingefaa kushika toleo la Blanchard. Kijana anayeanza Julai hufika kabla ya saa yake. Wiki ya tatu, mikono imechoka na mgeni ameshamfokea, anaanza kuchelewa. Huo ndio wakati wa kuendelea kumwelekeza huku ukimtia moyo. Wengi hufanya kinyume: wanaona uvivu, wanampa barua ya onyo.

Kitini pia kingesema wazi ushahidi umefika wapi. Mtafiti Robert Vecchio aliipima nadharia hii kwa walimu wa shule za sekondari Marekani mwaka 1987, na ilisimama vizuri zaidi kwa wafanyakazi wapya kuliko kwa wazoefu. Hilo halipunguzi thamani yake Malindi, ambako hoteli nyingi hupunguza watu masika, Aprili hadi Juni, kisha huajiri tena.

Siku ya pili ndipo maji yanapozidi unga. Washiriki wanapewa orodha ndefu ya maswali: udhaifu wako ni upi, unajiona wapi baada ya miaka mitano, kwa nini tukuajiri wewe. Maswali haya hupima nani amefanya mazoezi ya kujibu. Swali la hali, linalomweka mwombaji ndani ya tukio la kazini na kumuuliza atafanya nini, limetajwa kwa dakika chache tu, ilhali ndilo ndugu wa somo la jana. Mtafiti Gary Latham na wenzake walilichapisha mwaka 1980, na msingi wake ni rahisi: anachosema mtu kwamba atafanya kinaelekea kufanana na atakachofanya, mradi swali limtie njia panda na lisimnong'oneze jibu.

Kulitunga kunataka saa mbili za kazi. Kaa na wafanyakazi wazoefu, uwaombe matukio ya kweli ambapo mtu alifanya vizuri sana au vibaya sana. Chagua moja, uligeuze swali. Kwa mapokezi: "Ni saa 8 mchana, Desemba 27. Mgeni aliyelipia chumba cha kutazama bahari amefika, lakini aliyemo hajatoka kwa sababu ndege yake imechelewa. Uko peke yako. Utafanya nini?" Kabla ya kumwita mtu yeyote, andika majibu ya mfano. Alama 1: namwambia asubiri. Alama 3: naomba radhi, nampa kinywaji, nauliza watu wa usafi. Alama 5: pamoja na hayo namtajia saa, namjulisha meneja, naandika kwenye daftari la zamu, na saa hiyo ikifika narudi kwake hata kama chumba hakijawa tayari.

Maswali sita hadi manane yanatosha kwa dakika 40. Kila mwombaji aulizwe yaleyale, kwa mpangilio uleule. Wasaili wawe wawili, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kusemezana, la sivyo mdogo atafuata alama za bosi. Aliyewahi kufanya kazi muulize pia alichokifanya siku fulani. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa usimnyime nafasi kwa swali la namna hiyo. La hali linamtosha. Na lugha: kumsaili mtu wa usafi wa vyumba kwa Kiingereza ni kupima Kiingereza. Kama kazi inadai Kiingereza au Kiitaliano, lugha ipimwe peke yake, na ipewe alama zake.

Sheria haikuguswa kabisa, na hilo ni pengo kubwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakataza kumbagua mwombaji kwa jinsia, ujauzito, dini, kabila na mengine, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi uko kwa mwajiri. "Umeolewa?" na "Nyumbani ni wapi hasa?" zifutwe kwenye karatasi.

Daraja kati ya siku hizi mbili lilikuwepo, halikujengwa. Karatasi ya alama ya usaili isitupwe baada ya kuajiri. Aliyepata 5 kwa kusikiliza mgeni na 1 kwa kumbukumbu za zamu tayari amekuonyesha pa kuanzia: kwenye wageni mshirikishe, kwenye daftari mwelekeze kila siku. Kifungu cha 42 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6. Pitieni ile orodha ya vipande vitano kila baada ya wiki nne, na mtindo wako ubadilike kipande kwa kipande, mradi msifike Desemba bado mnaelekeza kila kitu, maana hoteli ikijaa supavaiza hana nafasi ya kusimama pembeni ya mtu.

Anayekwenda aende na orodha ya majukumu ya nafasi moja anayotaka kuijaza na matukio matano ya kweli ya msimu uliopita. Siku ya pili amwombe mwezeshaji nusu saa wayageuze kuwa maswali, pamoja na majibu ya alama 1, 3 na 5.