Mafunzo ya mbwa kusubiri kabla ya kushuka garini: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nilijiandikisha kwa sababu ya bega. Mbwa wangu, Bosi, ana kilo 34, na siku ile nilifungua mlango wa nyuma wa gari huku kamba yake nimeizungusha kiganjani mara mbili, kosa ambalo sasa nikimwona mtu analifanya natamani kumpigia kelele. Akaona paka ng'ambo ya barabara. Nilichokuja kujua ni kwamba nimepiga magoti kwenye lami, bega linawaka moto, na mwendesha pikipiki amefunga breki hatua tatu kutoka tulipo. Hakunitukana. Alinitazama tu, akatikisa kichwa, akaondoka. Afadhali angetukana.

Huduma niliyolipia ilikuwa vipindi 5 vya dakika 45, vya jambo hilo moja tu: mbwa abaki ndani ya gari mlango ukiwa wazi mpaka aambiwe ashuke. Vitatu mkufunzi alikuja nyumbani, viwili tukafanya kwa simu ya video. Simtaji jina kwa sababu nina malalamiko, na sehemu ya malalamiko hayo, kusema kweli, ni ya uzembe wangu.

Kipindi cha kwanza nilidhani nimeliwa. Nilitegemea filimbi, ukali, pengine kifaa fulani cha ajabu. Yeye akataka gari liegeshwe uani, geti limefungwa, injini imezimwa. Akaniuliza, "Kaka, huyu Bosi anapenda nini kuliko vyote?" Nikajibu nyama. "Haya, shika nyama, fungua mlango." Nikafungua. Bosi akaruka juu ya mkono wangu na ile nyama hata hakuinusa.

"Umeona? Akiwa humo ndani anachokitaka ni kushuka. Basi mlipe kwa hicho hicho."

Baadaye nilisoma kwamba hoja hiyo ina mwenyewe. David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 1959: jambo ambalo kiumbe hulikimbilia mwenyewe linaweza kutumika kulipia jambo asilolikimbilia. Mama yangu hakumsoma Premack, lakini "osha vyombo kwanza ndipo ukacheze" nimeisikia utoto wangu wote.

Kazi yenyewe iko hivi. Kamba unaifunga mbwa akiwa bado ndani, kabla mlango haujaguswa, na unaifunga kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye ukosi, ili akijirusha asijinyonge. Kisha unashika kitasa na kufungua upenyo wa vidole vinne. Akiinuka, mlango unarudi. Husemi kitu. Humkaripii, humsukumi, wala humwambii "kaa" mara kumi. Akirudisha makalio kitini, mlango unafunguka tena. Yaani mbwa anajifunza kwamba mlango anaufungua yeye, kwa kutulia, na anaufunga yeye, kwa kuharakisha.

Siku ya kwanza nilihesabu: niliurudisha mlango mara 23. Mara ya 24 Bosi alibaki ameketi, anautazama ule upenyo kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua. Masikio mbele, mguu mmoja umenyanyuka kidogo, kisha ukatua palepale. Mkufunzi akaninong'oneza, "Sasa, mruhusu, usichelewe." Nikamruhusu. Kipindi kilipoisha alikuwa anangoja sekunde tano mlango ukiwa wazi kabisa, na mimi nilikuwa nimelowa jasho kuliko yeye.

Tahadhari ambayo mkufunzi aliirudia mpaka ikanichosha, na alikuwa na haki: mlango unarudishwa taratibu, haubamizwi, na mkono wa pili unalinda upenyo. Pua, kucha na mkia hufika mlangoni kabla ya mbwa mwenyewe. Ukimbana mara moja tu, hutakuwa na mbwa anayesubiri bali mbwa anayeliogopa gari, na hilo ni somo jingine na pesa nyingine.

Siku ya tatu mambo yaliharibika. Bosi alianza kubweka na kukwaruza mlango kwa ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Bahati nzuri nilikuwa nimeonywa: njia iliyozoeleka ikiacha kufanya kazi, mbwa huijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha, kama sisi tunavyobonyeza rimoti iliyoishiwa betri. Ukifungua mlango akiwa anabweka umemfundisha kubweka. Nikasimama nje kama mlinzi, simu mkononi, jirani ananichungulia, mpaka akanyamaza. Dakika sita. Siku ya nne alibweka kidogo, ya tano hakubweka kabisa. Bila lile onyo ningeacha siku hiyohiyo na kuandika hapa kwamba mafunzo haya ni utapeli.

Jambo jingine nililolipenda ni msimamo wake kuhusu joto. Hakuruhusu zoezi lizidi dakika chache mfululizo, na katikati milango yote iliachwa wazi na maji yakiwa karibu. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa hufika kama 34 kwa dakika 10 na 43 hivi kwa nusu saa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anategemea kuhema. Kwa hiyo "subiri" hii ni ya mlangoni, wewe ukiwa umesimama hapo. Haina uhusiano wowote na kumwacha garini ukaingia dukani.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni neno la kuruhusu. Mkufunzi aliniambia nichague neno lolote, mradi nisilibadilishe. Nikachagua "haya", fupi, tamu, linatoka lenyewe. Hakunizuia. Wiki ya pili nimefungua mlango pembeni ya barabara, Bosi ameketi kama askari wa gwaride, simu ikaita. Shangazi. Tukasalimiana weee, na wakati wa kuagana nikasema kama anavyosema kila mtu: "Haya shangazi, haya, baadaye." Bosi alishuka kwenye "haya" ya kwanza. Kamba ilikuwa mkononi, hakuna aliyeumia, lakini moyo ulinipasuka. Na mbwa hakukosea hata kidogo! Mtu anayefundisha watu wanaozungumza Kiswahili alipaswa kujua kwamba sisi "haya" tunaitumia kama pumzi. Nikahamia "shuka", na kulibadilisha kulinigharimu siku tisa za kuanza karibu upya. Wala usichague "sawa", ni yaleyale.

La pili ni mbwa wawili. Nina Pili pia, mdogo, kilo 8, na wote husafiri pamoja. Vipindi vilimhusu Bosi peke yake. Nilipowaweka pamoja, neno moja likawashusha wote wawili kwa mkupuo, kamba zikasukwa kama mkeka, na mimi katikati. Nilipouliza kwa simu nikajibiwa vizuri, lakini nilipaswa kuambiwa tangu mwanzo: kwanza kila mmoja afundishwe peke yake, halafu jina litangulie neno. "Pili, shuka." Anayebaki anapata kipande cha nyama palepale kitini, kwa sababu yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu. Na hapa nyama inafanya kazi, ajabu. Nadhani ni kwa kuwa Bosi sasa hana haraka ile. Wa kwanza kushuka hubadilishwa kila siku, la sivyo wa pili anahesabu zamu na kuruka mwenyewe.

La tatu ni vile vipindi vya video. Katika zoezi hili kila kitu kiko kwenye nukta ile mbwa anapohamisha uzito kwenda mbele, kabla hata hajainuka. Mkufunzi akiwa pembeni yako anaiona na kukuambia. Kwenye simu iliyoegeshwa juu ya boneti anaona mgongo wako. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua vipindi vitatu vya ana kwa ana na uachane na vya video.

Nyongeza moja ambayo ni yangu mwenyewe: baada ya kushuka, Bosi anatakiwa ageuke anitazame kabla hatujasogea. Nilianza kwa kumpa kipande cha nyama karibu na goti langu kila aliposhuka, sasa anageuka bila kuitwa. Kwa maoni yangu hili lingekuwa nusu ya kozi. Mbwa aliyesubiri sekunde 20 halafu akafyatuka kama mshale bado anakuvunja bega.

Miezi minne sasa. Mlango wa nyuma upande wa pembeni ya barabara, ninaufungua wazi kabisa, naondoa mizigo, nafunga mlango wa mbele, narudi, wako palepale. Mbele ya paka? Bosi hutetemeka, lakini haji. Kwa mtu mwenye mbwa mmoja na gari la milango ya kawaida, ningesema lipia bila kusita. Mwenye wawili na zaidi aulize kwanza.

Mlango wa buti ndio umetushinda. Unafunguka wenyewe kwa kitufe, unapanda polepole mpaka juu, na huwezi kuurudisha haraka mbwa akisogea. Unaumaliza mwendo wake kwa starehe zake huku Bosi ameshatua chini. Kwake buti ni gari jingine kabisa, hakuna alichojifunza mlango wa nyuma anachokumbuka akiwa humo. Nimeomba kipindi cha sita, cha buti tu. Mpaka hapo anakaa kiti cha nyuma, na mizigo ndiyo inayosafiri butini.