Dawa ya kuziba rejeta: kwa mkweche uliobakiza miezi miwili

Kwenye maduka ya spea ya Ngamiani, hapa Tanga, chupa ya dawa ya kuziba rejeta hukaa karibu na kaunta, jirani na silikoni na gundi ya chuma. Bei yake haifiki hata ya oili ya lita nne, ndiyo maana wenye mikweche huinunua bila kuuliza mara mbili. Tunaipa saba kwa kumi kwa kazi moja tu: kijitundu kinachotoa jasho, kwenye gari ambalo mwenyewe ameshaamua kuliuza au kulipeleka skrepa baada ya miezi miwili mitatu. Kwa kazi nyingine yoyote haipati zaidi ya mbili.

Lakini kabla ya dawa, nunua mfuniko wa rejeta. Corolla na Carina nyingi za zamani huvaa mfuniko ulioandikwa 0.9. Namba hiyo ni shinikizo, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 118. Mpira wa ndani ukikauka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye riziva, lile kopo la maji ya akiba, na kumwagika chini, na mwenye gari anaapa kwamba rejeta imetoboka. Fungua mfuniko injini ikiwa imepoa kabisa, ugeuze, pitisha kucha kwenye mpira. Ukikuta nyufa, tupa. Na ukiona asubuhi ule mpira wa juu wa maji umebonyea kama mrija wa soda ulionyonywa sana, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimeganda, hakiruhusu maji ya riziva kurudi. Usikubali kuuziwa 1.1 kwa maneno ya "hii inabana zaidi". Rejeta chakavu iliyozoea 0.9 ukiipa 1.1 inaachia kwenye maungio ya tangi la plastiki, na hapo hakuna dawa.

Dawa zenyewe si za namna moja. Inua chupa kwenye mwanga, itikise. Ukiona nyuzinyuzi za kahawia zinaelea, hiyo ni ya mimea; ziko chapa za Marekani zinazotumia tangawizi iliyosagwa. Nyuzi zinakusanyika kwenye tundu, zinafura, zinakaa kama kizibo. Ukiona chini kuna mng'ao wa shaba au fedha, ina chembe za chuma, inavumilia joto zaidi. Ya tatu ni maji mazito kama sharubati: sodiamu silikati, inayouzwa kama dawa ya gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloki), ambayo hukauka kama kioo ndani ya ufa wenye joto kali. Kwa rejeta inayotoa jasho chukua ya kwanza. Ya tatu iache dukani, isipokuwa gasketi imekwisha kwenda na gari halistahili gharama ya kufungua hedi. Wala isije ikakosewa ikaingia kwenye oili. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilipolipia watu wabadilishe magari makuukuu, injini za magari hayo ziliuawa kwa sodiamu silikati: unamwaga oili, unaitia hiyo mahali pake, unaiacha injini ingurume mpaka igande.

Manjano na pilipili manga za jikoni hufanya kazi kwa njia ileile ya nyuzi, na zimewafikisha wengi nyumbani. Ila zinaoza. Baada ya wiki maji yanakuwa na povu na harufu ya mchuzi uliochacha. Ute wa yai ni balaa zaidi, unagandia kwenye themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto.

Sasa, je, ni rejeta kweli? Washa gari likiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi. Vipovu vikipanda mfululizo bila kukoma, au baadaye, mfuniko ukiwa umefungwa, mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe kabla injini haijapata joto, gesi ya moto ya silinda inaingia kwenye maji: hiyo ni gasketi ya hedi. Fungua plagi zote nne. Ile iliyotakata kuliko wenzake ndiyo ya silinda inayokunywa maji. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, safari fupi fupi za mjini nazo huuleta. Tazama kijiti cha oili. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiendeshe.

Maji yakidondoka upande wa mkanda, kwenye kile kijitundu chini ya wota pampu, dawa haisaidii. Sili ya pampu inazunguka na kizibo hakikai. Mpira uliochanika kwenye ncha, kata sentimita mbili za mbele, rudisha, kaza klipu, umemaliza. Tangi la juu la plastiki lenye ufa halifai kwa dawa, na gundi ya chuma nayo hushika plastiki ile kwa siku chache tu. Gundi iweke kwenye shaba au aluminiamu: piga msasa mpaka chuma king'ae, futa kwa tina, changanya mirija miwili sawa kwa sawa, paka, acha saa 24 bila kutia maji. Wanaoshindwa na gundi hii wengi wao waliwasha gari siku hiyohiyo. Na rejeta ya shaba yenye tundu linaloonekana kwa macho ipeleke kwa fundi rejeta akaichomee kwa risasi. Hiyo kazi inadumu kuliko dawa zote za dukani.

Kipimo cha mwisho ni cha kuziba kwa mirija ya rejeta yenyewe. Injini ikipata joto, zima, chomoa waya wa betri ili feni isije ikajiwasha na vidole vyako vimo, kisha gusa uso wa rejeta kutoka juu kwenda chini. Penye ubaridi katikati ya joto, mirija imeshajaa uchafu. Rejeta ya namna hiyo ukiitia dawa unaimalizia.

Uchafu huo kwa Tanga una asili yake. Mwamba wa hapa ni wa chokaa, ndio huohuo uliochongwa na maji ukawa mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi yamepita humo. Ukijaza rejeta kwa maji hayo, chokaa inaganda kwenye mirija kama inavyoganda kwenye birika. Visima vya karibu na bahari vinaongeza na chumvi. Tumia maji ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye AC ya ofisini, ambayo hayana chokaa. Maji ya betri yanafaa pia, lakini soma chupa, usije ukabeba asidi. Kulenti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kama bajeti inaruhusu, sehemu moja kwa mbili za maji inatosha. Huku hakuna barafu ya kuogopa, unaitafutia kinga ya kutu tu.

Namna ya kuitia: mwaga maji ya zamani, jaza safi, ngurumisha, mwaga tena mpaka yatoke bila wekundu. Dawa usiimimine kavu kutoka kwenye chupa. Ichanganye kwenye jagi na nusu lita ya maji ya vuguvugu, koroga, pitisha kwenye chujio la chai. Madonge yanayobaki ndiyo yangeziba mirija mizima. Chupa moja, na kama ni gari dogo soma kipimo, maana nyingine zimetengenezwa kwa lita 10 na kuendelea, na Corolla haifiki huko. Funga mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, acha injini ingurume dakika 20 mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Hita hakuna anayeitaka Tanga, tunajua, lakini maji yakisimama humo dawa inatuama na kuiziba. Nayo ni rejeta yako ya pili: gari likianza kuchemsha kwenye foleni, hita ikifunguliwa yote inashusha joto huku wewe ukitota jasho.

Kama fundi aliwahi kuing'oa themostati "ili gari lisichemshe", irudishe kwanza. Kwenye Toyota nyingi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Iliyoandikwa 82, yaani nyuzi za joto inapoanza kufunguka, ni sahihi. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga: isipofunguka karibu na kuchemka, imekufa.

Siku tatu za mwanzo tazama maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na ubebe dumu la lita tano. Pongwe, Muheza, hata Segera kwa mwendo wa 70, sawa. Kupanda Lushoto kutoka Mombo usithubutu. Kizibo cha nyuzi kinachokaa vizuri kwenye tambarare kinasukumwa nje kwenye kona ya tatu.

Baada ya siku mbili za kuendesha, jasho likiendelea, usinunue chupa ya pili. Fedha hiyo iongezee kwenye rejeta ya mtumba. Unapoichagua, ziba tundu la chini kwa kiganja, jaza maji mpaka shingoni, kisha achia ghafla: yakitoka kwa kishindo mirija iko wazi, yakitiririka kwa unyonge irudishe. Ukipewa ya gari la otomatiki kwa gari lako la manyuo ichukue tu, mradi vishikio vinalingana. Zile pua mbili za chini ni za oili ya gia, zivalishe vifuniko vya mpira uendelee na safari.