Leseni ya biashara kwa TAUSI, Mtwara na Lindi: mfumo hauna neno, kazi iko kabla yake

Kwenye steshenari za karibu na Soko Kuu Mtwara utasikia mtu akilalamika kwamba "TAUSI imenikatalia". Ukiangalia vizuri, TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa kuombea leseni ya biashara, haijamkatalia. Imekwama kwenye TIN (namba ya mlipakodi) isiyo ya biashara, jina lisilolingana na la NIDA (kitambulisho cha taifa), au hati ya uthibitisho wa kulipa kodi ambayo TRA (mamlaka ya mapato) hawajaitoa. Kwa hiyo tathmini hii tunaigawa mara mbili: mfumo wenyewe, na njia ya kuufikia. Mfumo tunaupa nyota nne kati ya tano. Njia tunaipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma.

TAUSI ni mfumo wa TAMISEMI unaotumiwa na halmashauri zote. Ndio uliochukua nafasi ya fomu ya TFN 211, ile karatasi ya kujaza kwa mkono, kugongewa mihuri na kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Mwombaji sasa anafungua akaunti kwa namba ya NIDA yenye tarakimu 20, anaweka TIN, anachagua halmashauri, kata, mtaa na aina ya biashara, kisha anatuma. Afisa biashara anapitia, namba ya malipo inatoka, unalipa benki au kwa simu, leseni unaichapisha mwenyewe. Hakuna sababu ya mtu wa Tandahimba kupanda gari kufuata karatasi.

Kabla ya yote, hakikisha unaomba mahali panapohusika. Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972 ina makundi mawili. Kundi A ni biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, kama kuingiza na kusafirisha bidhaa nje ya nchi au uwakala wa forodha pale bandarini Mtwara. Hizo leseni zake zinatoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), si halmashauri. Kundi B ni duka la rejareja, saluni, mgahawa, duka la vifaa vya ujenzi, karakana, stoo ya vinywaji. Hizo ndizo za TAUSI. Mwenye mtaji mdogo kabisa, mama lishe au muuza mihogo ya kukaanga, hana haja ya kuhangaika na leseni: utaratibu wa vitambulisho vya wajasiriamali ulioanza Desemba 2018 uliwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Bodaboda na daladala nao si wa hapa, wao ni LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini).

Kosa la kwanza linaloonekana dogo lakini linakula muda ni kuchagua halmashauri isiyo yako. Kusini majina yanachanganya. Kuna Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kuna Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na kuna Nanyamba Mji. Masasi ina Mji na ina Wilaya. Newala vilevile. Upande wa Lindi kuna wanaotafuta "Lindi Vijijini" kwenye orodha wasiione: sehemu kubwa ya halmashauri hiyo sasa inaitwa Mtama, na Mchinga imeingizwa Manispaa ya Lindi. Mwenye duka Mchinga aombe Manispaa. Tofauti hii si ya jina tu, kwa sababu jedwali la ada linatofautisha miji na wilaya na vijiji. Duka lilelile la rejareja halilipi sawa mjini na kijijini. Ukituma kwa halmashauri nyingine, afisa wa huko hana la kufanya zaidi ya kulirudisha ombi.

Sasa tuje TRA, maana hapa ndipo siku zinapopotea.

TIN ni bure na ina tarakimu tisa. Tatizo ni kwamba wengi wanayo tayari bila kukumbuka waliipataje: waliichukua kwa ajili ya leseni ya udereva au kusajili pikipiki. Hiyo ni TIN isiyo ya biashara. Ukiiweka kwenye ombi la leseni haikufikishi popote. Dawa yake si kuomba TIN nyingine, maana mtu mmoja hupewa moja tu. Ni kwenda TRA waibadilishe iwe ya biashara, ukiwaeleza unafanya nini, wapi, na unatarajia mauzo kiasi gani. Hapo watakukadiria kodi. Makadirio ya mwaka hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukidaiwa hata awamu moja, hati ya uthibitisho wa kulipa kodi haitoki, na bila hati hiyo leseni haitoki. Watu huja Aprili wakishangaa, kumbe awamu ya Machi imelala.

Jambo la pili la TRA ni mkataba wa pango. Nakala ya mkataba si karatasi ya kuambatisha tu, ina kodi mbili ndani yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka, na kodi ya zuio ni asilimia 10. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka: stempu 12,000, zuio 120,000. Ile 120,000 kisheria ni ya mwenye nyumba. Wewe unaikata kwenye pango unalomlipa na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Ila wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari hiyo, wanataka laki yao kamili kila mwezi, na mpangaji anaishia kulipa mara mbili. Mwambie mwenye nyumba kabla ya kusaini, na iandikwe kwenye mkataba kwamba pango linalotajwa ni kabla ya kukata zuio. Baada ya kusaini ni ugomvi tu. Aliye kwenye nyumba yake mwenyewe aandae ushahidi wa umiliki, hata kama ni barua ya serikali ya mtaa.

Tatu ni majina. TIN zinazofunguliwa sasa huchukua jina moja kwa moja kutoka NIDA, hivyo hulingana. Za zamani ziliandikwa kwa mkono wa karani: Hamisi akawa Khamis, Saidi akawa Said, Isa akawa Issa, jina la babu likarukwa. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujafungua ombi. Ukirekebisha, rekebisha TIN ifuate NIDA, usitake NIDA ifuate TIN. Kubadili taarifa za NIDA ni safari nyingine ndefu.

Unapotaka duka liwe na jina, kwa mfano "Makonde Fresh", hilo linasajiliwa BRELA kama jina la biashara kwa shilingi 20,000. Anayefanya biashara kwa jina lake halisi halazimiki. Ushauri wetu ni kwamba kwa duka la kawaida la mtaani, anza kwa jina lako. Jina la biashara litakuja ukitaka akaunti ya benki au zabuni. Kampuni ni habari nyingine, ina TIN yake na cheti chake, na wenye kampuni kwa kawaida wana mhasibu.

Kisha kuna biashara ambazo leseni ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Duka la dawa muhimu lazima lipite Baraza la Famasi. Bucha, Bodi ya Nyama. Chakula na vipodozi, TBS (shirika la viwango), kwa sababu tangu Julai 2019 kazi hiyo ilitoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). Kwa kusini linalosahaulika sana ni duka la pembejeo. Salfa ya mikorosho ni kiuatilifu, na viuatilifu viko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Ukiuza na mbolea, TFRA (mamlaka ya udhibiti wa mbolea). Ukiuza na mbegu, TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu). Mtu anafungua duka Newala mwezi wa Mei akiwahi msimu wa kupuliza, leseni ya rejareja anayo ukutani, mifuko ya salfa inakamatwa. Leseni ya halmashauri haikuruhusu salfa, ilikuruhusu rejareja.

Vivyo hivyo kwa korosho. Leseni ya kuuza nafaka au mazao mchanganyiko haikupi ruhusa ya kununua korosho ghafi uani kwa mkulima. Korosho inapita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), inaingia ghala kuu, inauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na wanunuzi wake wana leseni ya Bodi ya Korosho. Kinachofanyika kwa bakuli na mizani ya mfukoni kinaitwa kangomba, na kangomba ni kesi. Kuonyesha leseni ya TAUSI mbele ya askari hakukusaidii, huenda hata kukakuongezea swali.

Vileo navyo viko mbali. Leseni yake inatoka kwenye Sheria ya Vileo ya 1968, ina kikao chake na ukaguzi wake wa afya, na mwenye grosari anahitaji kuiomba kando hata kama soda na sigara zake zina leseni. Uraka, pombe ya mabibo, unaweza kuuzwa kwenye kilabu chenye kibali cha pombe za kienyeji. Nipa haina leseni yoyote, popote, kwa sababu ni gongo.

Turudi kwenye mfumo. Kinachotufanya tuusifu ni malipo. Namba ya malipo ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unalipa kwenye menyu ya malipo ya serikali kwenye simu, au benki. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la halmashauri yako. Lipa kiasi kilekile kilichoandikwa, usizungushe. Namba ina tarehe ya kuisha, hivyo usiichukue leo kama fedha utaipata mwezi ujao. Na mtu yeyote akikuambia umpe taslimu "akulipie ndani", ondoka. Kulipa ofisini kwa fedha mkononi ndiko kulikozaa leseni za bandia za zamani, na ndiyo sababu leseni ya sasa ina alama ya kuskani.

Nyota iliyokatwa ni ya mambo mawili. Kwanza, orodha ya aina za biashara ni ndefu na imeandikwa kwa lugha ya jedwali la sheria, si ya mtaani. "Kibanda cha chipsi na juisi na kurusha vocha" hutakikuta. Inabidi uvunje: chakula kimoja, uwakala mwingine. Sheria inataka leseni kwa kila aina ya biashara na kwa kila eneo, kwa hiyo mwenye duka Chuno na tawi Mikindani anaomba mbili. Chagua biashara kuu kwanza, nyingine ziongezwe. Ukichagua ya pembeni kuwa kuu, ada inapishana na ukaguzi unapokuja unaonekana umedanganya. Pili, anayejaza kwa mikono ya watu wa steshenari mara nyingi anaacha akaunti kwao: barua pepe yao, namba yao ya simu, nywila yao. Mwaka unaofuata kijana wa steshenari kahamia Dar, na ujumbe wote wa leseni unakwenda kwake. Kubali wakujazie kwa malipo, lakini namba ya simu iwe yako na nywila uiandike nyumbani.

Muda wa leseni ni miezi 12 tangu siku ilipotolewa, haufuati mwaka wa serikali. Kwa kusini hili ni zawadi ambayo wachache wanaitumia. Fedha huku inaonekana minada ya korosho inapoanza Oktoba, mpaka kwenye mwaka mpya. Anayeanza biashara akichukua leseni Novemba, kila mwaka ataihuisha kukiwa na mzunguko. Akichukua Mei, ataihuisha kila mara mtaa umekauka. Na kuchelewa kuna bei: asilimia 25 ya ada, halafu asilimia 2 kwa kila mwezi unaoongezeka. Tuseme ada yako ni 100,000 na umechelewa miezi mitatu: 25,000, jumlisha 2,000 mara mbili, adhabu 29,000. Hati ya kodi ya mwaka uliopita haitumiki tena wakati huo, hivyo anza na TRA wiki tatu kabla ya tarehe ya kuisha, usisubiri iishe.

Kingine cha kuangalia ni Julai mosi. Sheria ya Fedha inayopitishwa na bajeti kila Juni, na kuanza kutumika siku hiyo, ndiyo inayogusa viwango hivi. Ada za leseni zilirudishwa kwa njia hiyo mwaka 2014, na ushuru wa mazao ulishuka kwa njia hiyo mwaka 2017, kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Karatasi ya ada iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi mwaka juzi si sheria. Amini kiasi kinachotoka kwenye ankara, na kikikushangaza muulize afisa biashara akuonyeshe kifungu kabla hujalipa.

Leseni ikitoka, chapisha nakala mbili. Moja iwe ukutani mahali mteja na mkaguzi wanaiona bila kuomba, kwa sababu kuificha kwenye droo nako ni kosa. Nyingine iwe nyumbani, mbali na panya na bati linalovuja.