Uzoefu wangu na Canon EOS M50: Full HD ya fremu 25 ndiyo inayonifanyia kazi

Wateja wengi siku hizi huniuliza swali moja kabla hata hatujafika kwenye bei: "Unashuti 4K?" Nawajibu kwamba kamera inaweza, kisha naeleza kwa nini harusi yao nitairekodi kwa Full HD, ambayo ina robo tu ya nukta za picha (pikseli) za 4K. Natumia Canon EOS M50 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kazi zangu ni harusi na matanga, kuanzia hapa Kisumu hadi Vihiga na Kakamega. Ni kamera ninayoipenda kwa dhati, ila menyu yake ya video inamtaka mtu anayejua anachochagua.

Kamera hii ilitoka 2018, na 4K yake ina masharti. Inatumia sehemu ya katikati tu ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera), kwa hiyo kingo za picha zinakatwa na upana unapungua kwa takribani mara 1.6, lenzi ya milimita 15 inaona kana kwamba ni ya 24. Ingia kwenye sebule ya Vihiga siku ya mahari, makochi yamezunguka kuta zote na wazee wa pande mbili wameketi magoti yakikaribia kugusana, ndipo utajua upana ni mali. Ukirudi nyuma hatua moja, mgongo uko ukutani. Zaidi ya hapo, ule mfumo wa fokasi ya otomatiki unaoitwa Dual Pixel, ambao kwangu ndio sababu kubwa ya kununua M50, haufanyi kazi ukiwa kwenye 4K. Kwa Full HD, bibi harusi akija kwako taratibu kutoka mlangoni uso wake unabaki wazi mpaka anapokupita. Kwa 4K fokasi inakwenda mbele na kurudi ikitafuta, na hakuna wa kumwomba bibi harusi aingie kanisani upya.

Halafu kuna uzito. 4K huandika megabiti 120 kila sekunde, yaani saa moja inakula gigabaiti 54. Full HD ya fremu 25, yaani picha 25 kwa sekunde, ni megabiti 30, na saa nzima haifiki gigabaiti 14. Ibada, picha, chakula, zawadi, hotuba za wajomba: harusi za kwetu hazina haraka. Usiku huohuo kuna dada aliye Marekani anasubiri kuona, na bando ni pesa. Nyumbani video itachezwa kwenye runinga ya inchi 32, na nyingi za ukubwa huo hazifikishi hata Full HD.

Sasa fremu, na hapa ndipo naona watu wakipotezwa na mafunzo yaliyotengenezewa Wamarekani. Stima ya Kenya ni hezi 50. Taa za tyubu za makanisani na LED nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini kamera inatambua. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata ya 1/60, yaani kila fremu ikipokea mwanga kwa 1/60 ya sekunde, kila fremu inanasa kiasi tofauti cha mwanga, na kwenye ukuta mweupe nyuma ya madhabahu mistari ya giza inaanza kuchezacheza. Weka fremu 25 na shata ya 1/50, kila fremu inapata miwako miwili kamili na ukuta unatulia. Hilo peke yake limenisaidia kuliko lenzi yoyote. Nje saa saba mchana 1/50 huingiza mwanga mwingi mno hadi gauni jeupe linapoteza mikunjo yake, kwa hiyo nafunga kioo cha ND, kile cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi na kuiacha shata ilipo.

Fremu 50 naziweka kwa ajili ya ngoma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga. Mtazame anayepiga ile ndogo. Kwa fremu 25 kiganja chake ni ukungu wa kahawia juu ya ngozi ya ngoma. Kwa fremu 50 na shata ya 1/100, ambayo nayo inaelewana na stima yetu, unaona vidole vinatua kwanza, kiganja kinafuata, kisha mkono unaruka kabla mwenzake haujafika. Wakati wa kuhariri napunguza mwendo wa sehemu chache tu hadi nusu, na picha haikatikikatiki. Hapo megabiti ni 60 kwa sekunde, na kwa ngoma kama hii sizionei uchungu.

Fremu 100 zipo pia, lakini resolusheni inashuka hadi 1280 kwa 720 na sauti hairekodiwi kabisa. Kwa maua yanayorushwa, sawa. Kwa isukuti, hapana. Familia iliyolipia ngoma inataka kuisikia.

4K inapata nafasi yake asubuhi kwenye ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Kamera iko juu ya stendi, mitumbwi inarudi kutoka ziwani, hakuna anayenikimbilia, na fokasi nimeifunga kwa mkono. Pikseli ni mara nne ya Full HD, kwa hiyo kutoka kwenye picha moja pana naweza kukata mtumbwi mmoja na bado ukaonekana vizuri kwenye video ya Full HD. Matokeo yake ni mazuri sana, na kwa kazi hiyo ningeichagua tena.

Ukiinunua, fahamu kwamba kila rekodi hukoma kwenye dakika 29 na sekunde 59, hivyo anza rekodi mpya wakati wimbo unaimbwa, usingoje mahubiri yafike katikati. Beba betri za akiba, kwa sababu moja haimalizi ibada na mapokezi. Na kama kamera imetoka Marekani au Japani, huenda mfumo wa video umewekwa NTSC, ule wa fremu 30 na 60. Ubadilishe kuwa PAL kwenye menyu, la sivyo fremu 25 na 50 hutaziona kabisa kwenye orodha.